Usiipige Ile Nambari: Vijidirisha Visivyoalikwa na Usalama wa Kompyuta ya Nyumbani

Usiipige ile nambari. Skrini imegeuka nyekundu, spika zinalia kama king'ora cha gari lililoguswa usiku, na maandishi yanadai kwamba kompyuta yako ina virusi vitano na kwamba kila faili itafutwa baada ya dakika tatu usipompigia simu "fundi wa Microsoft". Microsoft imeeleza wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu au wa tahadhari hauwi na nambari ya simu. Basi ukiiona nambari, umeshajibiwa: huyo ni tapeli, na dirisha hilo ni bango lake.

Usibofye chochote ndani ya dirisha lenyewe, hata ile alama ya kufungia iliyo kwenye pembe. Mara nyingi alama hiyo ni picha tu iliyochorwa na mwenye ukurasa, na ukiigusa umegusa anachotaka ukiguse. Tumia kibodi. Shikilia Esc kwa sekunde chache, kwa maana kurasa hizi hujitanua zikajaza skrini nzima ili usione pa kutokea. Ikikataa, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ikikataa tena, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager itafunguka, nawe uchague jina la kivinjari chako, iwe ni Chrome, Edge au Firefox, na ukizime hapo. Hata kuizima mashine nzima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia hadi izimike hakuleti madhara kama ya simu ile. Utakapofungua kivinjari upya, huenda kikakuuliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa.

Ukishafanya hivyo, tulia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta yako haina ugonjwa wowote.

Jaribio lisilo na gharama

Wengi wetu tukisumbuliwa na madirisha haya hufanya jambo moja: tunaibeba mashine, tunapanda 46 kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji, na kumkabidhi fundi wa kwanza atakayetuita pale Luthuli au Moi Avenue. Fundi anafuta Windows nzima, anaweka nyingine, analipwa. Nyumba inapumua kwa siku chache. Kisha Jumamosi inafika, kijana anarudi kwenye tovuti ileile ya kutazamia mpira bila malipo, na vijidirisha vinarudi naye. Fundi hakukosea kazi yake. Hakuna aliyemwambia chanzo.

Kabla ya kulipa nauli, tafuta ujumbe unatoka wapi. Funga kivinjari kabisa, zima waifai ya kompyuta, kisha endelea na kazi nyingine, labda kuandika barua, kwa robo saa.

Ikiwa ujumbe huonekana tu unapokuwa kwenye ukurasa fulani wa wavuti, tatizo ni ukurasa huo. Usirudi huko, na habari imeisha. Ikiwa hujitokeza pembeni mwa skrini, chini upande wa kulia, hata ukiwa unaandika barua, lakini unakoma intaneti ikizimwa, basi karibu kila mara ni arifa za kivinjari: kuna mtu nyumbani aliyezipa ruhusa. Ikiwa ujumbe unaendelea hata bila intaneti na bila kivinjari, kuna programu ndani ya mashine inayoutoa. Na ikiwa unatoka kwa Windows yenyewe, kama vile OneDrive kukuhimiza uhifadhi faili, au kwa programu ya kuzuia virusi iliyokuja na laptopu mpya kwa majaribio, basi ni kero tu, hakuna hatari.

Kuhusu hilo la mwisho, neno moja. Laptopu nyingi mpya huja na McAfee au Norton ya majaribio, na muda ukiisha hukukumbusha kila siku kwamba "huna ulinzi". Ulinzi unao. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo, na kwa matumizi ya nyumbani mimi naiona inatosha kabisa. Ondoa ile ya majaribio na Defender itajiwasha yenyewe. Lakini ukipata ujumbe wa McAfee na McAfee haimo katika orodha ya programu zako, huo si wa McAfee.

Ruhusa uliyoitoa bila kujua

Arifa ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya nyumbani, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tangu mwaka 2015 Chrome imeziwezesha tovuti kukutumia ujumbe hata ukiwa hujazifungua, mradi tu umekubali. Nia ilikuwa njema: gazeti likuarifu habari mpya, barua pepe ikuambie imefika. Matapeli walichelewa kidogo kuuona mlango huo, lakini walipouona waliuingia kwa wingi. Unafungua tovuti ya filamu, au ya mechi ambayo hukutaka kuilipia, au ya karatasi za mitihani ya KCSE za miaka iliyopita, na kabla ya kupata ulichofuata unaambiwa: "Bonyeza Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Au: "Bonyeza Allow ili video ianze." Mtoto wa darasa la nane atabonyeza. Baba yake pia atabonyeza, kwa sababu mechi imeshaanza. Hapo hakuna kilichothibitishwa wala kilichoanza. Umempa mtu usiyemjua haki ya kukupigia kelele kwenye skrini yako mchana na usiku, na ruhusa hiyo ina bei, kwa kuwa kuna wanaolipwa kwa kila mtu anayebonyeza.

Baadaye vijidirisha vinaanza. Vingine ni vya kamari, vingine vya dawa za nguvu za kiume, vingine vimevaa nembo ya kampuni ya kuzuia virusi. Ukikitazama kimoja kwa makini kabla hakijapotea, utaona jina la kivinjari na, kwa herufi ndogo, anwani ya tovuti iliyokituma. Hiyo ndiyo anwani ya kutafuta.

Kwenye Chrome, andika chrome://settings/content/notifications katika sehemu ya anwani na ubonyeze Enter. Kwenye Edge ni edge://settings/content/notifications. Kwenye Firefox, andika about:preferences#privacy, ushuke hadi sehemu ya ruhusa, na ufungue mipangilio ya arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Jiandae: katika kompyuta inayotumiwa na familia nzima, orodha hiyo huwa ndefu, na majina mengi hayana maana, herufi na tarakimu tu zilizopangwa ovyo. Futa yote usiyoyatambua. Usihurumie. Kisha, katika ukurasa huohuo, chagua tovuti zisiruhusiwe hata kukuomba kutuma arifa. Ukitaka arifa za barua pepe yako, iache hiyo moja.

Fanya vivyo hivyo kwenye simu za Android zilizomo nyumbani, katika mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa. Kero ni ileile na dawa ni ileile.

Hatua ya pili ya kupunguza fujo ni kiendelezi cha kuzuia matangazo. uBlock Origin Lite hufanya kazi kwenye Chrome na Edge. Kwenye Firefox ipo uBlock Origin kamili, na kwa maoni yangu hiyo pekee ni sababu tosha ya kuhamia Firefox. Pakua kutoka duka rasmi la viendelezi la kivinjari chako, si kutoka kwenye ukurasa mwingine wowote. Ukiwa huko, angalia viendelezi vilivyopo tayari, kwa kuandika chrome://extensions. Kile cha kubadilisha PDF ambacho hakuna anayekumbuka kukiweka, au cha "kuponi za bei nafuu", kiondoe. Kiendelezi kinaweza kusoma kila ukurasa unaoufungua, ukiwamo wa benki.

Hii si mara ya kwanza njia halali ya ujumbe kutumiwa vibaya. Waliokuwa kwenye saiba za mjini wakati wa Windows XP watakumbuka visanduku vya kijivu vilivyotokea bila hata kivinjari kufunguliwa. Vilipitia huduma ya Windows iliyowekwa ili wasimamizi wa mitandao ya ofisi wawatumie wafanyakazi ujumbe. Mtu yeyote duniani aliweza kuitumia mpaka Microsoft ilipoizima na kuwasha ukuta wa kinga kwa kila mashine, katika sasisho kubwa la XP la Agosti 2004.

Ukiambiwa ubonyeze Windows na R

Hapa sasa si kero tena. Tangu mwaka 2024 umeenea ulaghai unaofanana na lile swali la roboti, ila badala ya kukuomba ruhusa unakupa maagizo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Huonekana kama uthibitisho wa kawaida. Ukweli ni kwamba ukurasa umeshanakili amri katika kumbukumbu ya kompyuta yako bila wewe kujua. Vitufe vya kwanza vinafungua kisanduku cha amri, vya pili vinaibandika amri hiyo, na Enter inaitekeleza. Umejiwekea kirusi kwa mkono wako mwenyewe, na kwa kuwa ni wewe uliyefanya hivyo, kinga za kompyuta zinaweza kupitwa.

Kinachowekwa mara nyingi ni programu ya wizi wa nywila. Haionyeshi dirisha lolote, haipunguzi kasi ya mashine, haiombi fidia. Inachukua nywila zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari, pamoja na vitambulisho vinavyokuwezesha kubaki ndani ya akaunti bila kuingia upya, inavituma kwa tapeli, na wakati mwingine inajifuta. Waeleze wote nyumbani, kuanzia na wadogo: hakuna tovuti ya kweli duniani inayothibitisha ubinadamu wako kwa kukutaka ubonyeze Windows na R. Andika kwenye kijikaratasi ukibandike pembeni mwa skrini ikibidi.

Programu iliyojificha ndani

Ikiwa jaribio la kuzima intaneti limeonyesha kwamba kuna kitu ndani ya mashine, fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya programu zilizowekwa, na uzipange kwa tarehe. Linganisha na siku kero ilipoanza. Programu tatu zilizoingia dakika moja, siku ulipopakua kichezeshi cha video cha bure, zimekuja pamoja, ziondoe pamoja. Kisha fungua Task Manager, sehemu ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka, na uzime usizozihitaji.

Baada ya hapo tumia uchunguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka. Uko ndani ya Windows Security, kwenye chaguo za uchunguzi, na jina lake ni Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi yako kwanza, kwa kuwa mashine itajizima na kujiwasha. Huchukua takriban dakika 15. Ikiwa umeme wa kwenu hauaminiki, hakikisha betri imejaa.

Laptopu za kutoka Uingereza

Mtu anayetafuta laptopu Nairobi bila pesa nyingi huishia kwenye zile ziitwazo eks-UK: mashine za ofisi zilizotumika huko kwa miaka michache, zikauzwa kwa jumla, zikaletwa kwa kontena hadi maduka ya Moi Avenue, Tom Mboya na vichochoro vyake. Mimi nazitetea. ThinkPad au EliteBook au Latitude ya miaka kadhaa imeundwa kwa ajili ya kazi ya kila siku, na huishi muda mrefu kuliko laptopu mpya ya bei hiyohiyo ambayo bawaba zake zitavunjika mwaka wa pili. Udhaifu hauko kwenye mashine. Uko kwenye Windows uliyowekewa.

Muuzaji mwenye laptopu hamsini hawezi kukaa na kila moja. Ana nakala moja ya Windows aliyoitayarisha, anaimwaga kwenye zote, na kuiwasha kwa programu ya kuvunja leseni, maarufu zaidi ikiwa KMSPico. Programu ya aina hiyo haifanyi kazi Defender ikiwa macho, kwa hiyo maagizo yake ya kwanza huwa ni kuzima Defender, au kuiambia isiangalie folda fulani. Mwezi Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico vilivyobeba CryptBot, programu ya kuiba nywila na pesa za kidijitali. Kwa hiyo unaweza kufika nyumbani Uthiru na laptopu safi, iliyofutwa vumbi na kubandikwa stika mpya, ambayo mlango wake wa nyuma uko wazi tangu dukani.

Kinachonikera ni kwamba wizi huo wa leseni mara nyingi hauna haja. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu huweka ufunguo wa leseni ndani ya bodi ya mashine yenyewe. Laptopu iliyotoka ofisi ya London na Windows Pro yake ina leseni hiyo hadi leo, na ukiweka Windows halali ya toleo lilelile, inajitambua na kujiwasha bila kulipa shilingi.

Jinsi ya kujua hali yako: fungua mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha uwashaji wa leseni. Ikiwa imeandikwa kwamba Windows imewashwa kwa leseni ya kidijitali, vizuri. Ikiwa imeandikwa kwamba imewashwa kwa huduma ya shirika lako, na wewe shirika huna, hiyo imevunjwa. Kisha fungua Windows Security, uingie kwenye ulinzi dhidi ya virusi, mipangilio yake, na ushuke hadi orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivichunguze. Katika kompyuta ya nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda humo, hasa yenye herufi KMS, usihangaike kuitibu mashine. Hamisha picha na hati zako, kisha uiweke Windows upya.

Kuiweka upya ni kazi ya jioni moja. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kompyuta unayoiamini, na intaneti isiyo ya kuhesabiwa, kwa maana faili ni ya GB kadhaa. Ingia tovuti ya Microsoft, upakue kifaa cha kutayarishia flashi ya Windows, ukiendeshe, ufuate maelekezo. Wakati wa kuweka, ukiulizwa ufunguo, chagua kwamba huna. Mashine itausoma yenyewe kutoka kwenye bodi. Na kama unapendelea fundi akufanyie, mwombe waziwazi: "Fundi, weka ya Microsoft, usitumie KMS, na nionyeshe ukurasa wa leseni kabla sijalipa." Fundi mzuri hatakasirika.

Kwa anayenunua sasa kuna jambo jingine. Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Walio na mashine zisizoweza kuhama walifunguliwa mpango wa masasisho ya usalama wa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au baada yake. Kizazi unakisoma kwa jina la prosesa: tarakimu inayofuata kistari. Ya i5-8250U ni ya nane, inafaa. Ya i5-6300U ni ya sita, haifai. Ya i5-10210U, yenye tarakimu tano, husomwa mbili za kwanza: ni ya kumi. Muuzaji atakuambia kwamba hata ya sita "ina Windows 11", na kweli utaiona inawaka, kwa sababu vizuizi vinaweza kurukwa. Microsoft haiahidi mashine kama hiyo masasisho. Ikiwa bajeti inafika ya sita pekee, weka Linux Mint. Kwa barua pepe, WhatsApp ya kompyutani, hati na masomo ya mtoto inatosha, na vingi vya virusi tulivyovitaja havijui hata pa kuanzia.

Flashi, saiba na kazi za shule

Mtaala wa CBC umewarudisha wazazi saiba. Kila wiki kuna picha ya kuchapisha au mradi wa kutoa kwa rangi, na flashi inakwenda kwenye kompyuta iliyoshika flashi za mtaa mzima, kisha inarudi nyumbani. Dalili ya kawaida ni faili zako zote kugeuka njia za mkato. Usizibofye. Faili zenyewe kwa kawaida zimo, zimefichwa; zichunguze kwa Defender, kisha uwashe uwezo wa kuona faili zilizofichwa.

Bora zaidi, usipeleke flashi kabisa. Saiba nyingi hupokea kazi kwa WhatsApp au barua pepe. Watumie ukiwa nyumbani, ukachukue karatasi. Usiingie barua pepe yako kwenye kompyuta yao. Ukilazimika, kwa mfano kwa ajili ya KRA au eCitizen, ondoka kwenye akaunti kabla ya kusimama, wala usikubali kivinjari kihifadhi nywila. Maduka ya kujaziwa filamu kwenye flashi nayo yana hatari ileile. Flashi ya filamu iwe ya filamu tu.

Nyumbani, mfungulie kila mtoto akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi. Programu ikitaka kujiweka itaomba nywila yako, na hapo utajua kuna kitu kinataka kuingia. Nawe mwenyewe, tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Hatua hii huchukua dakika tano, na ni watu wachache sana wanaoifanya.

Ruta na jirani

Kuanzia Kileleshwa yenye faiba katika kila ghorofa hadi Kawangware ambako Poa Internet imetandaza huduma kwa wenye kipato kidogo, ruta nyingi bado zina nywila ya msimamizi zilizotoka nayo kiwandani. Geuza kifaa usome stika. Ingia kwa anwani iliyoandikwa hapo, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ubadilishe nywila ya msimamizi na ya waifai, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ikiwa unachangia bili na jirani, jambo la kawaida kwenye ploti, mpe mtandao wa wageni kama ruta inao. Ikiwa wewe ndiye unayetumia waifai ya mwenye nyumba, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa umma, ili mashine nyingine zisiione yako.

Nyongeza moja ya bure: katika mipangilio ya ruta au ya kompyuta, weka DNS kuwa 9.9.9.9, huduma ya Quad9 inayokataa kufungua tovuti zinazojulikana kwa ulaghai. Wenye watoto wadogo wanaweza kutumia 1.1.1.3 ya Cloudflare, ambayo huzuia pia tovuti za ngono. Hazizuii kila kitu, lakini hufanya kazi usingizini mwako.

Nakala za picha na hati ziwe kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili. Diski iliyochomekwa daima huambukizwa pamoja na kompyuta.

Ikiwa umeshapiga, umeshalipa au umeshaandika nywila

Tenganisha kompyuta na intaneti mara moja. Ikiwa uliwapa matapeli ruhusa kupitia AnyDesk au TeamViewer, chomoa waya au zima ruta kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu wanaona skrini yako. Kisha chukua simu, kwa bando lako wala si kwa waifai, ubadilishe nywila. Anza na barua pepe, maana kwayo nywila nyingine zote hubadilishwa. Halafu benki, eCitizen, iTax, mitandao ya kijamii. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila moja inayouruhusu, na uondoe vifaa usivyovitambua. Kompyuta yenyewe usiitumie kwa kazi hiyo kabla haijawekwa upya.

Pigia benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi. Ikiwa kilichopotea ni PIN ya M-Pesa, ibadilishe, na umjulishe mtoa huduma. SMS za ulaghai zisambaze kwa 333 bila malipo. Kuomba pesa zirudishwe, sambaza ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456. Fanya haraka, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha.

Kisha ripoti. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, lenye faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Visa hupokewa na kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo makao yake yako Waiyaki Way, Westlands. DCI wana simu isiyolipishwa, 0800 722 203. Piga picha ya skrini, ya nambari za simu na ya ujumbe wa malipo kabla hujafuta chochote, uende nazo kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Usitoke hapo bila nambari ya OB, benki itaiuliza.